Ramani Inayokwepa Mwamba, Mvuvi Anayeutafuta

Nahodha wa meli ya mafuta na mvuvi wa mshipi aliyetoka Nungwi alfajiri wanaweza kuwa wanatazama ramani ile ile ya bahari, kila mmoja kwenye kioo chake. Namba ya kina, tuseme 14, ikichomoza ghafla katikati ya namba kubwa kubwa, nahodha anageuza usukani. Mvuvi anaandaa chambo.

Ramani ya kielektroniki ilichorwa kwa ajili ya yule wa kwanza. Kazi yake ni kuzuia chuma kisigonge jiwe. Sisi wa mshipi tunaisoma kinyumenyume, tunatafuta kile kile ambacho mchoraji alikuwa anaonya watu wakikimbie. Hakuna ubaya. Ila ukisahau kwamba unasoma kitu kilichoandikwa kwa mtu mwingine, utachoma petroli nyingi sana ukikimbilia namba ambazo hazimaanishi unachodhani.

Chukua fungu lililoko kaskazini mwa Unguja, kwenye mlango wa kuelekea Pemba. Ramani huliita Leven Bank. Leven ilikuwa manowari ya Kapteni William Owen, Mwingereza aliyepima pwani ya Afrika kati ya 1822 na 1826. (Wavuvi wa Nungwi, bila shaka, hawakuwa wakimsubiri Owen awaambie pana samaki.) Chombo chake kilikuwa bildi: kipande cha risasi kwenye kamba iliyotiwa alama kwa pima, kinachotupwa majini hadi kigonge chini. Kitako cha bildi kilikuwa na kitundu kilichojazwa mafuta mazito ya mnyama, ili ikipanda ije na chembe za mchanga, tope au matumbawe. Mpimaji aliandika namba na, kando yake, herufi ya kilichonata.

Herufi hizo bado zipo kwenye simu yako. S ni mchanga, M ni tope, Co ni matumbawe, R ni jiwe, Sh ni makombe. Watu wengi hupita juu yake macho yakikimbilia namba, kumbe herufi moja ya R katikati ya uwanja wa S na M ina thamani kuliko namba kumi. Chewa kwa kawaida hakai juu ya tope. Changu huzunguka mchangani kula, lakini makazi yake yako karibu na jiwe. Mtu wa zamani alitupa bildi mahali pale na ikarudi tupu, imekwaruzwa: ndiyo R yako.

Ramani hizi ziko za aina mbili. Ya kwanza, rasta (si ile ya nywele), ni picha tu ya ramani ya karatasi. Ukiikuza sana inafifia, na hiyo ni heshima yake, kwa kuwa inakiri kwamba haina zaidi ya kukupa. Ya pili ni vekta. Hii ni ghala la taarifa: kila namba, kila mstari, kila boya limehifadhiwa peke yake, na plota, yaani kile kioo cha botini kinachoonyesha ramani na mahali ulipo, hulichora upya kila unapokuza au kupunguza. Ukigusa kitu, kinajieleza. Ramani rasmi za vekta hufuata kanuni za shirika la kimataifa la upimaji wa bahari lililoko Monaco, na zile zinazouzwa kwa ajili ya plota za boti ndogo nyingi hujengwa juu ya data hizo hizo, zikaongezewa rangi na vikolombwezo.

Tatizo la vekta ni kwamba haififii. Kuza mpaka boti yako ijae kioo, mstari utabaki mwembamba na safi kana kwamba mtu aliuchora kwa rula jana asubuhi. Upande wa pili, ukipunguza ili uone eneo kubwa, plota huanza kuficha vitu ili kioo kisijae. Tarehe 29 Novemba 2014, boti ya mashindano iitwayo Vestas Wind, ikiwa na mabaharia wa kiwango cha dunia na vifaa vya bei mbaya, ilipanda usiku juu ya miamba ya Cargados Carajos, hapa hapa Bahari ya Hindi, kaskazini mashariki mwa Mauritius. Ramani waliyopangia safari, kwa ukuzaji walioutumia, haikuuonyesha mwamba ulivyo. Watu wote tisa waliokolewa. Kwa mvuvi somo lina sura mbili: fungu unalolitafuta laweza kuwa limefichwa mpaka ukuze, na fungu utakalolifuata laweza kukutoboa.

Namba inasema nini hasa

Kina kilichoandikwa hakipimwi kutoka juu ya maji ya leo. Kinapimwa kutoka usawa wa chini kabisa ambao maji huweza kufika yakipwa. Pwani yetu, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika karibu mita nne. Maji mafu ni kidogo zaidi. Kwa hiyo pale palipoandikwa 14, fishifainda, ile mashine inayopima kina na kuonyesha samaki kwa mwangwi, ikikusomea 17 au 18 saa ya maji kujaa, zote mbili zinasema kweli. Angalia pia kipimo kilichowekwa. Plota iliyotoka Marekani mara nyingi huja ikihesabu kwa futi, na futi 90 ni mita 27 tu. Ramani za zamani zilihesabu kwa pima, na pima ni mita 1.83. Nimewahi kuona watu wazima wakibishana nusu saa juu ya kina cha mwamba mmoja, kila mmoja akiwa sahihi kwa kipimo chake.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi dukani wakati wa kununua. Mpimaji akishapima mamia ya sehemu katika eneo ambalo kwenye ramani lina ukubwa wa ukucha, nafasi ya kuandika namba ni moja. Ataandika ipi? Ile ya maji madogo zaidi, siku zote. Akichora kontua, yaani mstari unaounganisha sehemu zenye kina kimoja, na akawa na shaka, anausukumia upande wa maji makubwa, ili meli isikaribie. Ni busara kwa meli. Kwako wewe maana yake ni kwamba vilele vimepewa kipaumbele lakini mashimo yamefutwa. Na ule ukingo wenyewe, pale chini panapokatika, mara nyingi uko ndani kidogo ya mstari uliochorwa. Ukifika juu ya kontua ya mita 100 na chombo kinasoma 120, usiendelee kwenda nje. Rudi upande wa maji madogo.

Halafu, nani alipima, na lini? Ramani za vekta hubeba jibu, ingawa plota nyingi za bei nafuu huliweka mbali na macho. Kila eneo lina daraja la uhakika: A1, A2, B, C, D, na U kwa lile ambalo halijakadiriwa. Daraja A1 linaahidi kwamba nafasi ya kitu haikosei kwa zaidi ya mita 5 na kuongeza asilimia 5 ya kina. A2 ni mita 20, B ni mita 50. C inaruka hadi mita 500, na kina chake kinaweza kukosea kwa mita 2 na kuongeza asilimia 5 ya kina chenyewe, yaani mita 7 penye maji ya mita 100. D ni mbaya kuliko hapo. Ukitoka nje ya njia za meli na milango ya bandari zetu, usitegemee A.

Sasa tafakari. GPS yako inajua ulipo kwa mita chache tu. Ramani yaweza isijue mwamba ulipo kwa nusu kilomita. Hapo ndipo watu hulaumu mashine, wakati mashine imefanya kazi yake barabara: imekufikisha mahali pasipo na kitu.

Na pengine hamna hata namba. Upimaji wa bildi, na ule wa mwangwi wa mwanzo, ulifuata mistari. Chombo kilipita, kikageuka mbali kidogo, kikarudi. Kati ya mistari hiyo miwili hakuna aliyeangalia. Uwanja mweupe wenye namba mbili tatu zinazofanana haumaanishi kwamba chini ni tambarare. Kwangu mimi sehemu hizo ndizo tamu kuliko zote, na nitarudi kwenye moja.

Bado kuna suala la umbo la dunia. Ili kuandika nafasi kwa nyuzi na dakika lazima kwanza ukubaliane dunia ina umbo gani hasa, na Afrika Mashariki ilitumia kwa muda mrefu mfumo uitwao Arc 1960. GPS hutumia WGS 84. Pointi ile ile ikiandikwa kwa mfumo mmoja na kusomwa kwa mwingine husogea kama mita 300 katika maji yetu. Ukirithi pointi kutoka kwenye ramani ya karatasi ya zamani, tazama pembeni imeandikwaje kabla hujaiingiza kwenye plota.

Kontua na mkondo

Samaki hawapendi namba, wanapenda mabadiliko. Mkondo unaotembea juu ya uwanja tambarare hauna cha kufanya. Ukigonga mteremko, maji ya chini hulazimika kupanda, yakibeba rutuba. Vijidudu hustawi, dagaa na vibua huvifuata, na nyuma yao huja kolekole, nguru na jodari. Kwa hiyo unachotafuta kwenye ramani ni mahali kontua zinapobanana. Pima umbali kati ya mstari wa mita 100 na ule wa 200. Ukiwa mita 400, huo ni mteremko wa mita moja kwenda chini kwa kila nne za kwenda mbele, mkali kwa vipimo vya bahari. Ukiwa kilomita tano, endelea na safari.

Baada ya mibanano, tafuta mikunjo. Kontua iliyonyooka kwa maili nyingi haina habari. Pale inapochomoza kama kidole kuelekea kilindini, au inapoingia ndani kama korongo, mkondo unavunjika na samaki wana pa kujikinga. Duara dogo lililojifunga peke yake ni kilima. Viduara viwili vikiwa jirani, pengo kati yao ni mlango, na maji hupita mlangoni kwa kasi.

Pwani yetu ina mfano mzuri sana wa tofauti hii. Unguja imekaa juu ya baraza la bara, na mlango wake upande wa Bagamoyo ni wa maji madogo. Pemba imetengwa na bara kwa kilindi kinachofika mita 800 hivi. Ndiyo maana mtu wa Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, hana haja ya kusafiri saa nyingi kutafuta nduwaro: kilindi kiko mlangoni kwake, na kontua za upande ule zimesongamana kama nyuzi za mkeka. Kusini zaidi, Fungu Kizimkazi, ambalo ramani huliita Latham, ni kisiwa kidogo tupu cha matumbawe chenye ndege wengi kuliko mchanga, kimezungukwa na maji makubwa. Hata asiyejua kusoma ramani angehisi kwamba kitu kama hicho, peke yake katikati ya mkondo, hakiwezi kukosa samaki.

Mkondo wenyewe haupo kwenye kontua, lazima uulete kutoka kichwani. Mkondo mkuu wa pwani hii hukimbilia kaskazini mwaka mzima, ukipata nguvu zaidi wakati wa kusi. Wakati wa kaskazi hupungua kasi, na upande wa kaskazini mwa Kenya hukutana na mkondo wa Somalia uliogeuka kuja kusini. Kwa hiyo wakati wa kusi, mimi huanza kutazama uso wa kusini wa fungu, ule unaopigwa na maji kwanza. Ndani ya milango, kujaa na kupwa huvuruga hesabu hiyo, na hapo hakuna kioo kitakachokuokoa. Tazama boya la mtego linalalia wapi.

Plota nyingi zina kitu kimoja ambacho ningekiwasha kabla ya kingine chochote: uwezo wa kupaka rangi kina unachotaka. Meli huweka rangi ya hatari kwa maji madogo. Wewe chagua, tuseme, mita 40 hadi 70 na uyapake rangi kali, mengine yote yawe meupe. Ghafla ramani ya nahodha inageuka kuwa yako. Vidole, vilima na milango vinajitokeza vyenyewe.

Yote haya yanawahusu zaidi samaki wa chini. Jodari na fulusi wanaweza kuwa popote penye mpaka wa maji ya rangi mbili, na ndege wakizama juu ya dagaa ni ramani bora kuliko zote. Kwa hao, kontua hukuambia tu uanzie wapi kuburura chambo.

Picha za bure na ndoto za kioo

Kwa maji madogo kuna msaada usiolipiwa. Setelaiti za Ulaya za Sentinel-2 hupiga picha za pwani yetu mara kwa mara, kila nukta ikiwa mita 10, na zinapatikana bure. Chagua siku isiyo na mawingu wakati wa tanga mbili, upepo ukiwa umelala na maji yametakata, nawe utaona chini hadi mita kumi na kitu, pengine ishirini. Miamba hutoka myeusi, mchanga hung'aa. Kuwa macho na majani ya bahari, nayo ni meusi.

Kwa maji makubwa, kuwa na shaka na uzuri. Picha zile za buluu zenye milima chini ya bahari ambazo kila programu ya simu huzionyesha, nyingi zinatokana na mkusanyiko wa dunia nzima uitwao GEBCO, ambao kila kisanduku chake kina upana wa karibu mita 450. Sehemu kubwa ya kilindi humo haikupimwa na chombo chochote. Imekadiriwa kwa jinsi mvutano wa milima ya chini unavyoinua uso wa bahari, ambao setelaiti huusoma. Inatosha kukuonyesha ukingo wa bara uko wapi. Kilima chenye upana wa mita 200 hakimo humo, kimemezwa na wastani.

Kuna pia matabaka yanayotengenezwa na wavuvi wenyewe: fishifainda za watu hurekodi kina wanapopita, kampuni inakusanya na kuchora kontua za mita moja moja. Pale boti zinapopita kila siku, kama Watamu, matokeo huvutia. Pale zilipopita mbili tu mwaka mzima, programu hujaza pengo kwa kubuni, na huchora ubunifu huo kwa wino ule ule.

Pointi ya kwenye pakiti ya sigara

Miaka kadhaa iliyopita jamaa mmoja wa Tanga alinipa pointi, imeandikwa nyuma ya pakiti ya sigara. Nikaiingiza kwenye plota, nikaenda. Ramani ilionyesha 58 na herufi S pande zote. Fishifainda nayo ikaonyesha 58, chini kumenyooka kama sakafu ya msikiti. Nilizunguka dakika arobaini, nikarudi nyumbani nikimsema yule jamaa maneno ambayo baadaye ilibidi nimwombe radhi.

Kosa lilikuwa langu. Yeye aliandika nyuzi, dakika na sehemu za dakika. Plota yangu ilikuwa inasubiri nyuzi, dakika na sekunde. Namba zilifanana kwa macho, lakini nusu dakika, yaani .50, ni sekunde 30, na mimi niliingiza sekunde 50. Sekunde 20 za latitudo ni zaidi ya mita 600. Kabla ya kuingiza pointi ya mtu, muulize maandishi yake ni ya mtindo gani, na hakikisha S, hapa ikiwa ya kusini na si ya mchanga, ipo. Pointi ya Tanga ikikosa S inakupeleka kusini mwa Ethiopia, ambako nguru ni adimu.

Nikarudi na mzee mmoja wa mtaani kwetu, mvuvi wa mshipi tangu utotoni, ambaye hakujali kioo. Yeye alikuwa anatazama nchi kavu. Mnara fulani ulipokaa sawasawa chini ya kilele cha Usambara, akasema, "Mwanangu, punguza mashine." Upande wa pili alikuwa na jozi nyingine, ncha ya kisiwa na mti. Mistari miwili inayokatana. Plota wakati huo ilionyesha tumebakiza mita 40 kufika pointi iliyosahihishwa.

Usipite juu ya pointi mara moja ukakata tamaa. Mwali wa fishifainda ni mwembamba: wenye upana wa nyuzi 20 unaona duara la mita 17 au 18 tu penye kina cha mita 50. Pita kwa mistari inayokatana, kwanza ya mkabala na mkondo, kisha ya kuuvuka. Masafa ya kilohezi 200 hukupa picha kali kwenye maji haya, ukishuka mamia ya mita hamia 50. Mchanga hutoa mstari mwembamba, jiwe hutoa mnene wenye mkia. Ukishaona kilele, zima injini uone boti inasukumwa wapi. Mkondo wa noti mbili ni kama mita moja kwa sekunde. Chubwi ikishuka kwa mwendo huo huo, itachukua sekunde 80 kufika mita 80, na wewe utakuwa umeshasogea mita 80. Anza juu ya mkondo kwa kiasi hicho, la sivyo chambo kinafika chini wakati mwamba umeshapita.

Kabla ya kutupa, hakikisha pia huko ni mahali halali. Malindi na Watamu zimekuwa hifadhi tangu 1968, Mafia tangu 1995, Tanga tangu 2009, na Kisite uvuvi umepigwa marufuku kabisa. Mipaka mingine imo kwenye ramani za vekta, mingine haimo, na askari wa hifadhi hatakubali utetezi wa plota. Kamati ya uvuvi ya ufukweni ndiyo inayojua pia mwamba upi umefungwa kwa ajili ya pweza mwezi huu.

Siku ile chini ilianza kupanda taratibu: 58, 56, kisha 51, halafu 47 na mstari mnene wenye mkia, na juu yake wingu dogo la samaki. Nikabonyeza kuhifadhi. Jina la pointi halisemi chochote kwa mwingine, lakini kwenye daftari nimeandika tarehe, kusi, maji yakijaa, kilele 47, anza kusini mita 60, chewa wawili na kolekole. Nimeenda mara nyingi tangu hapo, nikasasisha ramani mara mbili. Pale pale, kwenye kioo, bado pameandikwa 58, S.